Sekretaria ya Nyawera: maoni ya mwandishi aliyeitumia tangu 2001

Nimekuwa mwandishi wa kujitegemea hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo (DRC), tangu mwaka 2001, na katika muda huo nimebadilisha wateja, simu, kompyuta na hata aina ya maandishi ninayoyauza, lakini sijabadilisha sekretaria, yaani nyumba ya kuchapa, kutoa kopi na kujalidi karatasi za watu. Ninayoizungumzia iko Nyawera, hatua chache kutoka barabara ya Patrice Lumumba, katika chumba kimoja kirefu chenye dirisha linalotazama njia na ubao wa kijani juu ya mlango. Mwenyewe ameniomba nisiandike jina la nyumba yake, nami nimemheshimu; watu wa mtaa wataitambua, na mgeni akiuliza sekretaria ya Mama yenye ubao wa kijani ataelekezwa bila shida.

Nimesukumwa kuandika maoni haya na kijana mmoja aliyemaliza masomo ISP, chuo cha ualimu, ambaye anataka kuishi kwa kalamu bila kuajiriwa na mtu, na ambaye aliniuliza kwa nini mtu mwenye kompyuta yake na simu yake anapoteza nauli kwenda kuchapisha karatasi mjini. Nilipojaribu kumjibu niliona kwamba siwezi kuieleza sekretaria hiyo bila kueleza namna kazi yangu ilivyogeuka, kwa sababu nilichokuwa nikikinunua pale mwaka 2001 si nilichokinunua mwaka 2006, wala si ninachokinunua leo.

Mwanzoni nilinunua vidole. Sikuwa na mashine, na makala zangu niliziandika kwa mkono katika madaftari ya shule, kisha nikampelekea Mama, ambaye wakati huo alikuwa na taipureta mbili na mtungi wa maji ya kunywa kwa wateja wanaosubiri. Alichapa kwa kaboni, nakala mbili, na alihesabu kila ukurasa. Ukurasa mmoja wa kuchapwa ulinigharimu karibu sehemu ya kumi ya malipo niliyoyapata kwa makala nzima, na kosa lililoonekana baada ya ukurasa kukamilika lilimaanisha kulipa tena au kukubali kufuta kwa wino mweupe. Sijui shule gani ingenifundisha kufupisha maneno vizuri kuliko hesabu hiyo. Nilikuwa nikikaa barazani kwake na daftari magotini, nikikata sentensi ya tatu iliyorudia ya kwanza, nikitoa salamu ndefu za mwanzo, nikitafuta neno moja litakalobeba kazi ya matano, kwa sababu nilijua kila mstari utalipiwa. Makala zangu za miaka ile, ninapozisoma sasa, zina makosa mengi ya ujana, lakini hazina maneno ya kujaza.

Kompyuta zilipoingia pale, nadhani ilikuwa mwaka 2003, bei ya kuchapa ilishuka na makosa yakawa yanarekebishika bila gharama, nami nikaanza kuandika kwa urefu. Hilo halikuwa kosa la sekretaria. Lakini anayetaka kujua namna kazi hii inavyombadilisha mtu ajue kwamba chombo humfundisha mwandishi tabia, na tabia hiyo huendelea kukaa naye hata baada ya chombo kuondoka. Mimi ilinichukua miaka mingi kurudi kwenye ufupi wa taipureta, na nilirudi kwa hiari, si kwa kulazimishwa na bei.

Katika miaka hiyo wateja nao waligeuka. Magazeti ya hapa yalilipa kidogo na kwa kuchelewa, mengine yalilipa kwa kukupa nakala za gazeti lenyewe, na wakati huohuo mashirika ya misaada yalikuwa mengi mjini na yote yalihitaji mtu wa kuandika ripoti kwa Kifaransa safi. Nikaacha kulipwa kwa makala, nikaanza kulipwa kwa siku za kazi. Fedha iliongezeka, jina langu likapotea, kwa kuwa ripoti husainiwa na shirika. Sekretaria iliyajua mabadiliko hayo kabla yangu. Mama alileta mashine ya kujalidi kwa spirali, akaweka majalada ya plastiki, na akaunganisha intaneti ya setilaiti iliyolipiwa kwa dakika. Tuliandika barua zetu kwanza bila kuunganishwa, tukaziweka kwenye disketi ambayo haikuzidi megabaiti 1.44, kisha tukaingia mtandaoni kwa dakika tano kutuma na kupokea, tukatoka haraka. Ripoti yenye picha sita haikuingia katika disketi moja. Nakumbuka ripoti niliyoigawa katika disketi nne, na moja ikakataa kufunguka huko ilikokwenda.

Kwa huduma ya miaka hiyo naipa sekretaria sifa kamili katika jambo moja na lawama katika jingine. Sifa ni kwamba haikuwahi kufungwa bila kutujulisha, hata baada ya tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, ambalo liliacha ufa ukutani juu ya mashine ya fotokopi. Ufa huo upo hadi leo, umezibwa kwa saruji lakini unaonekana. Siku mbili baadaye Mama alikuwa amefungua mlango na kompyuta mbili zilizosalia. Lawama ni virusi. Flashi ziliposhika nafasi ya disketi, kompyuta za pale zilikuwa chanzo cha maambukizi kwa mtaa mzima, na mwaka 2009 nilipoteza miezi miwili ya mahojiano kwa kuchomeka flashi yangu bila nakala nyingine nyumbani. Mama aliomba radhi, lakini hakuweka programu ya ulinzi iliyo hai hadi mwaka uliofuata. Leo mashine zinasafishwa kila asubuhi, na kijana wa zamu hukagua flashi mbele yako kabla ya kuifungua. Hata hivyo, ninamshauri kila mwandishi aende na flashi ya sekretaria peke yake, isiyo na kitu kingine ndani.

Kisha nikaiacha. Kuanzia 2012 na 2013 intaneti ya simu ilifika kwa kasi ya kuridhisha, nikanunua kompyuta ya mkononi iliyokwisha kutumika, na kwa karibu miaka mitatu sikuwa na sababu ya kupanda Nyawera. Niliandika nyumbani na kutuma nikiwa nyumbani, na M-Pesa, iliyoingia nchini mwetu mwaka 2012, iliniletea malipo madogo bila kupanga foleni benki. Niliamini huo ndio uhuru ambao mwandishi wa kujitegemea anautafuta. Lakini miaka hiyo mitatu, ninapoipima kwa kazi iliyobaki mkononi, ni miaka dhaifu kuliko yote niliyoifanya. Niliandika mengi, nikayasoma kwenye kioo tu, nikayatuma usiku, na asubuhi nikagundua neno lililoruka au jina la kijiji lililoandikwa kwa namna mbili katika ukurasa mmoja. Wateja wawili hawakurudi kwangu, na hawakuniambia sababu. Mwandishi aliyeajiriwa ana mhariri; wa kujitegemea ana wateja tu, na mteja asiyeridhika huondoka kimya.

Nilirudi kwa sababu ya umeme, kama wengi. Nyumbani ulikatika kwa siku kadhaa mfululizo, na Mama alikuwa na jenereta na, baadaye, betri zinazojazwa kwa jua. Nikiwa pale nikichaji mashine, nilichapisha ripoti niliyokuwa nayo ili niisome huku nikisubiri, nikaona katika kurasa kumi na moja makosa kumi na tisa ambayo sikuyaona kwenye kioo. Tangu siku hiyo sijatuma andiko la kulipwa bila kulisoma kwanza kwenye karatasi, kwenye meza ya dirishani, kwa kalamu nyekundu. Hicho ndicho ninachokinunua leo: karatasi, meza, mwanga wa mchana, na saa mbili ambazo hakuna mtu anayenipigia simu kwa sababu simu iko kwenye chaji upande wa pili wa chumba.

Bei ni za kawaida kwa mji huu. Kopi ya ukurasa ni faranga 100, kuchapisha rangi nyeusi ni faranga 200, rangi kamili ni 1,000 ingawa singeishauri kwa picha, maana wino wao wa buluu huelekea kijani. Kukaa mezani hakulipiwi ikiwa umechapisha chochote. Karatasi ni nyepesi kidogo, na ukiandika kwa kalamu ya wino upande wa pili utaona kivuli. Kujalidi ni kwa uangalifu kwa vitabu vya hadi kurasa mia moja, lakini kwa zaidi ya hapo spirali zao ni dhaifu na kurasa za mwisho hutoka. Wanafunzi wanaoleta kazi za mwisho wa masomo hujaza chumba kuanzia Juni, na katika miezi hiyo sekretaria ni ya kwao, si ya waandishi.

Lakini bei si jambo kubwa. Jambo kubwa ni daftari la madeni. Mtu asiyewahi kuishi kwa maandishi hajui kwamba malipo ya mwandishi wa kujitegemea hufika miezi miwili au mitatu baada ya kazi kukabidhiwa, na kwamba kadiri unavyopata wateja wakubwa ndivyo unavyosubiri zaidi, kwa kuwa ankara yako hupita mikononi mwa watu wengi. Mama ana daftari la jalada jekundu, ambamo kila mteja wa kudumu ana ukurasa wake, na mwisho wa mwezi haulizi ila anakuonyesha jumla. Nimewahi kudaiwa miezi mitano. Hakunizuia mashine hata siku moja. Aliniambia tu, "Papa, wao wakikulipa, nilipe mimi," nami nilipolipwa nilitoka moja kwa moja kwa wakala wa simu hadi kwake. Mwezi Februari 2025, benki zilipofungwa mjini na hata mwenye fedha kwenye akaunti hakuweza kuigusa, daftari lile lilibeba kazi za waandishi, za wachoraji wa ramani, za wafasiri na za walimu kwa wiki nyingi, na sijasikia kwamba kuna aliyemkimbia Mama bila kulipa. Kama ningetakiwa kuipa sekretaria hiyo alama kwa jambo moja tu, ningeipa kwa hilo.

Kuna kipindi kingine ambacho kilinifundisha thamani ya kukaa karibu na mtu unayemjua. Tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima, na ilirudi baada ya takriban siku ishirini. Nilikuwa na ripoti ya kukabidhi. Mama, ambaye biashara yake nayo ilikuwa imesimama, alitupangia wateja wanne: tulichapisha kazi zetu, tukazinakili kwenye flashi, na mmoja wetu akavuka mpaka wa Ruzizi kwenda Kamembe, upande wa Rwanda, kuzituma kwa niaba ya wote, kila mmoja akiwa ameandika barua yake kwenye karatasi ili inakiliwe kama ilivyo. Ripoti yangu ilifika kwa wakati. Hiyo haikuwa huduma iliyo kwenye orodha ya bei.

Nisiposema kosa lao kubwa kwangu, maoni haya yatakuwa pungufu. Wakati wa Ebola, ugonjwa uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Kivu ya Kaskazini na kufika hadi Mwenga katika jimbo letu Agosti 2019, kazi ya kuandika kwa Kiswahili iliongezeka ghafla. Watu walihitaji vipeperushi vinavyoeleweka sokoni Kadutu na kwenye vivuko, si Kifaransa cha ofisini. Kwangu yalikuwa mabadiliko makubwa kuliko yote: kwa karibu miaka kumi na minane lugha yangu ya nyumbani haikunipa hata nusu ya kipato, na sasa nilitafutwa kwa ajili yake. Niliandika kipeperushi kwa uangalifu, nikachagua maneno ambayo mama muuza samaki atayasoma bila kusita, nikakipeleka kichapishwe nakala 300. Kijana wa zamu alikuwa amefungua andiko katika kompyuta iliyowekwa kwa Kifaransa, akaona kila neno limepigiwa mstari mwekundu, akadhani yote ni makosa, akakubali mapendekezo ya mashine. "Homa" ikawa "home", "sana" ikawa "sans". Nakala zote 300 zilikwisha kuchapishwa nilipofika.

Mama alichapisha upya kwa gharama yake, na kijana hakufukuzwa, jambo ambalo naliona sawa, kwa maana alifanya alichofundishwa shuleni, ambako Kiswahili hakina kamusi kwenye mashine. Ila siku mbili zilipotea, na kwa kipeperushi cha ugonjwa siku mbili si kitu kidogo. Tangu hapo nyumba ina sheria: andiko la Kiswahili halirekebishwi na mashine, na nakala ya kwanza husomwa na mwenyewe kabla ya nyingine kutoka. Sheria imeandikwa kwa mkono na kubandikwa juu ya printa. Ninaisoma kila ninapopita.

Miaka hii ya karibuni imeleta jambo lingine ambalo bado sijalizoea. Tangu ChatGPT ilipotolewa tarehe 30 Novemba 2022, wateja wangu wa zamani wanaandikisha ripoti kwa programu za akili bandia, kisha wananiita "nirekebishe" kwa nusu ya malipo niliyokuwa nikilipwa kuandika. Andiko la namna hiyo huwa laini, halina kosa la tahajia, na halina mtu ndani yake: halijui kwamba njia ya Kalehe ilikatika, halijui nani alisema nini wala kwa nini alinyamaza alipoulizwa. Kulirekebisha ni kuliandika upya, na ni kazi ndefu kuliko kuanza mwanzo. Nimeamua kuzikataa kazi hizo isipokuwa mteja akubali nirudi kwa watu niwasikilize mwenyewe. Uamuzi huo umenigharimu, na nisingeuchukua nikiwa na miaka thelathini na watoto wanaotaka karo.

Kilichoniwezesha kuuchukua, kwa sehemu kubwa, ni sekretaria hiihii. Watu huja pale kuchapisha hotuba ya harusi, wasifu wa marehemu utakaosomwa msibani, historia ya ukoo kwa ajili ya wajukuu waliozaliwa Ubelgiji au Canada, na wengi wao hufika wakiwa na karatasi mbili zilizoandikwa kwa haraka na moyo uliojaa mambo ambayo hayajaandikwa. Mama huwaambia, "Papa yule wa dirishani atawasaidia." Hanitozi chochote kwa kunielekezea kazi; anachoomba ni kwamba uchapishaji ufanyike kwake. Kwa namna hiyo, mwaka jana zaidi ya nusu ya kazi zangu zilianzia kwenye chumba kile, na wateja wangu ni wazee wa Panzi na Bagira wanaokaa mbele yangu na kusimulia, si watu wa ofisi za mbali nisiowafahamu kwa sura. Malipo ni madogo kwa kila kazi, lakini hufika siku ileile. Na jina langu, ambalo lilifichwa chini ya majina ya mashirika kwa miaka mingi, limerudi kwenye ukurasa wa kwanza.

Kwa kazi za aina hiyo, siri ni sharti la kwanza, na hapa lazima niseme kwamba sekretaria imeimarika. Sheria yetu ya tarehe 5 Aprili 1986 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, lakini haiwezi kulilinda andiko lililosahauliwa kwenye kompyuta ya watu wote, ambamo mteja anayefuata anaweza kulinakili au kusoma mambo ya familia ya mtu. Zamani faili zilibaki ndani ya mashine kwa miezi. Sasa hufutwa mbele yako ukiomba, na jioni hufutwa zote bila kuombwa. Kinachobaki kurekebishwa ni mpangilio wa vioo vya kompyuta: viwili vinatazama mlango, na anayeingia anasoma unachoandika kabla hajakusalimu. Nimemwambia Mama avigeuze. Amesema fundi wa meza atakuja.

Kelele ya jenereta nayo ni tatizo. Ikiwashwa, mtu hawezi kufanya mahojiano pale, na hata kusoma kwa sauti, jambo ninalolihitaji kwa maandishi ya Kiswahili ili nisikie panapokwaza, inakuwa taabu. Siku zenye jua betri zinatosha hadi saa nane mchana. Siku za mvua, mpeleke mzee unayemhoji kwenye baraza, ambako sauti inapungua.

Kwa kijana aliyeniuliza, jibu langu ni hili: andika nyumbani, tuma kutoka popote, lakini usikabidhi kazi ya kulipwa kabla hujaisoma kwenye karatasi, na uisomee mahali ambapo watu wanakujua. Usiwaachie wakuchapie Kiswahili bila kusimama karibu, usilete picha za rangi, usilete kitabu kinene kujalidiwa mwezi wa Juni. Fungua ukurasa wako katika daftari jekundu tu ikiwa una hakika ya kulipa.

Wanafungua saa moja na nusu asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi, na kufunga saa kumi na moja jioni. Jumapili hawafanyi kazi. Meza ya dirishani ni moja tu, na baada ya saa mbili na nusu wanafunzi wameshaikalia hadi jioni.